Chumba cha Tatu Kimekwenda Wapi?

Dalali aliwasha taa kabla ya kufungua mlango, na hapo ndipo shaka iliponiingia. Swichi ilikuwa ukutani upande wa nje, kama zilivyo aghalabu swichi za stoo, na mlango ulipofunguka tulikuta chumba kisicho na dirisha, kilichopakwa rangi nyeupe siku chache tu zilizopita, chenye matundu ya misumari yaliyozibwa haraka haraka mahali ambapo zamani palikuwa na rafu. Juu, karibu na dari, palikuwa na uwazi wa ukubwa wa kitabu ulioelekea kwenye ngazi za jengo. "Hiki ndicho chumba cha tatu, dada," dalali alimwambia mdogo wangu. "Wengi hukifanya cha watoto." Mtoto mkubwa wa mdogo wangu, binti mwenye umri wa miaka 11, alisimama katikati, akanyoosha mikono, na vidole vyake vikakaribia kugusa kuta za pande zote mbili. Hakusema neno. Katika tangazo nyumba ile iliandikwa kuwa ya vyumba vitatu vya kulala, na kodi iliyotajwa ilikuwa ya vyumba vitatu kamili.

Nilimsindikiza mdogo wangu na shemeji katika utafutaji huo kwa miezi minne. Wako sita: wao wawili, binti huyo, wavulana wawili wadogo, na mama mkwe ambaye miguu yake haimruhusu tena kuishi peke yake. Nilianza nikiamini, kama wanavyoamini wengi, kwamba shida ni uhaba wa nyumba kwa jumla, na kwamba zikijengwa kwa wingi kila mtu atapata inayomfaa. Sasa naamini jambo mahususi zaidi. Uhaba wa nyumba za familia una chanzo chake na hesabu zake, na mji unaweza kukamilisha maelfu ya fleti kila mwaka huku familia ya watu sita ikizidi kukosa pa kuishi, kwa sababu takwimu za ujenzi zinahesabu milango ya kuingilia, hazihesabu vyumba vilivyo nyuma ya milango hiyo wala watu watakaolala humo.

Hesabu yenyewe ndiyo inayoeleza kwa nini mtu anaweza kutafuta kwa bidii miezi yote hiyo akaishia kwenda kuangalia nyumba tano tu. Chukua mfano wa kubuni wa mji wenye nyumba 10,000 za kupanga. Tuseme 9,000 kati ya hizo zina chumba kimoja au viwili vya kulala, na 1,000 zina vitatu au zaidi. Ukitazama juu juu, moja kati ya kila nyumba kumi ni ya familia, na ofisa wa mipango miji anaweza kuridhika. Lakini anayetafuta nyumba hakutani na nyumba zilizopo, hukutana na zile zinazoachwa wazi. Mpangaji wa chumba kimoja huhama upesi: amepata kazi kwingine, ameoa au ameolewa, amechoshwa na kelele za jirani. Tuseme hukaa miaka 2. Familia yenye watoto shuleni haiinuki kirahisi hivyo, tuseme hukaa miaka 8. Basi kila mwezi zitaachwa wazi nyumba ndogo zipatazo 375, na kubwa zipatazo 10. Ile moja kati ya kumi imeshuka, katika matangazo, hadi chini ya 3 kati ya kila 100. Na hapo hatujaondoa zile zinazopita mkono kwa mkono baina ya ndugu na marafiki kabla ya tangazo kuandikwa, ambazo kwa nyumba kubwa ni nyingi, kwa kuwa mwenye nyumba huona afadhali familia anayoelezwa habari zake na mtu anayemwamini. Ondoa nusu kwa sababu hiyo. Tano zilizobaki zigawe katika mitaa yote ya mji, kisha mwambie mama mwenye mtoto wa darasa la sita kwamba asiende mbali na shule.

Soko jembamba kiasi hicho halina bei inayoweza kuitwa bei ya soko. Mtafutaji hana nyumba ya pili ya kulinganisha na ile aliyoiona leo, na aliyoiacha jana imekwisha kuchukuliwa. Ushauri wa kawaida, kwamba usikurupuke, kwamba uangalie nyumba angalau mara mbili, mara moja mchana na mara moja usiku, ni ushauri mzuri uliotungwa kwa soko lenye nyumba. Siku ile ya chumba kisicho na dirisha, dalali alitupa dakika kumi, na watu waliokuwa wakisubiri kwenye ngazi walitusikia kila tulichosema.

Kukaa kwa familia mahali pamoja kwa miaka mingi ni jambo jema, na sitaki kusomeka kama anayelilalamikia. Walio muhimu zaidi katika hesabu hii ni waliobaki katika nyumba kubwa baada ya watoto kuondoka: mjane katika vyumba vitatu, wazee wawili katika vinne. Wengi wao wangependa nyumba ndogo yenye kazi chache na ngazi chache. Hawahami kwa sababu kodi yao ni ya mkataba wa zamani, na nyumba ndogo ya leo inapangishwa kwa bei ya leo, kwa hiyo kupunguza vyumba kungewaongezea gharama. Serikali ya Uingereza ilijaribu kulazimisha mzunguko huu mwaka 2013, ilipopunguza ruzuku ya kodi kwa wapangaji wa nyumba za jamii, yaani nyumba za kodi nafuu za serikali za mitaa na mashirika ya makazi, wenye chumba kilichohesabiwa kuwa cha ziada: asilimia 14 kwa chumba kimoja, asilimia 25 kwa viwili au zaidi. Wapangaji wengi hawakuhama, kwani nyumba ndogo za kuhamia hazikuwapo katika maeneo yao. Walibaki palepale wakijaza pengo kwa fedha za chakula na za umeme. Na waliofikia umri wa pensheni hawakuguswa na sheria hiyo hata kidogo, ilhali katika rika lao ndimo vyumba visivyolaliwa vinamopatikana kwa wingi. Adhabu ikawaangukia wasiokuwa na pa kwenda, na vyumba havikupatikana. Amsterdam imefuata njia ya upole zaidi: mpangaji wa nyumba kubwa ya jamii anaweza kuhamia ndogo akaendelea na kiwango chake cha kodi. Mimi naiona njia hii kuwa ya busara, kwa sababu inaondoa kile hasa kinachomzuia mtu kuhama, na haimtukani mzee aliyelea watoto wake katika nyumba hiyo kwa kumwita mpoteza nafasi.

Kwa nini basi nyumba kubwa mpya hazijengwi? Nimesikia swali hili likijibiwa kwa kulaani uroho wa wawekezaji, na jibu hilo hupoza hasira bila kueleza lolote. Mjenzi hupiga hesabu kwa mita ya mraba. Mita za mraba 90 zinaweza kuwa nyumba moja ya vyumba vitatu, au nyumba mbili za chumba kimoja zenye mita 45 kila moja. Ikiwa ndogo hupangishwa kwa mafungu 10 ya fedha, kubwa haitapangishwa kwa 20. Itapangishwa kwa 16 au 17, kwani familia haina kipato maradufu ya mtu mmoja kwa sababu tu ina midomo mingi ya kulisha. Ni kweli kwamba nyumba mbili zinahitaji majiko mawili na mabafu mawili, na hizo ndizo sehemu ghali za ujenzi, hivyo faida ya kugawa si kubwa kama inavyoonekana mwanzoni. Lakini nyumba ndogo hupata mpangaji haraka, na huuzwa kwa urahisi kwa mtu mwenye akiba ya wastani anayenunua moja ya kupangisha. Kwa mjenzi anayelipa riba ya mkopo kila mwezi, haraka hiyo ina thamani yake. Hakuna kikao kilichoamua kwamba familia zikose nyumba. Kila mjenzi amefanya uamuzi ambao hata mimi ningeufanya nikiwa na deni lake, na jumla ya maamuzi hayo ndiyo mji tunaouona.

Lipo jambo jingine ambalo mpangaji hawezi kulijua kwa kutazama jengo kutoka barabarani, nalo ni ngazi. Katika sehemu kubwa ya Marekani, jengo la makazi lenye zaidi ya ghorofa tatu hutakiwa kuwa na ngazi mbili, na katika sehemu kubwa ya Kanada masharti ni makali zaidi, kwa ajili ya kujiokoa moto unapotokea. Ngazi mbili huunganishwa na korido ndefu inayopita katikati ya jengo, na fleti hupangwa kushoto na kulia kwake, kila moja ikiwa na madirisha upande mmoja tu. Kwa kuwa chumba cha kulala kinahitaji dirisha, fleti ya vyumba vitatu katika jengo la namna hiyo huhitaji ukuta mrefu wa nje, ambao hupatikana kwa urahisi kwenye pembe tu. Katikati panabaki kufaa chumba kimoja, au viwili vya kubanana. Katika nchi nyingi za Ulaya jengo la ghorofa kadhaa linaruhusiwa kuwa na ngazi moja yenye fleti chache zinazoizunguka, na fleti hizo hufika pande mbili za jengo, zikapata mwanga na hewa kutoka huku na huku. Seattle imeruhusu kwa miaka mingi majengo ya ngazi moja hadi ghorofa sita, kwa masharti ya ziada ya usalama. Sidai kwamba kanuni za moto zilegezwe ovyo, kwani wanaolala ghorofa ya sita ni watoto walewale ninaowatetea. Ninachosema ni kwamba kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya moto imekuwa, bila aliyeiandika kukusudia, kanuni ya ukubwa wa familia zinazoweza kuishi humo, na ni haki yetu kuomba ipimwe kwa matokeo yote mawili.

Baadhi ya miji imeamua kutoa amri moja kwa moja. Vancouver, kwa sera ya mwaka 2016, ilitaka asilimia 35 ya fleti katika majengo mapya yanayoombewa mabadiliko ya matumizi ya ardhi ziwe za familia, yaani za vyumba viwili vya kulala au zaidi. Toronto imetoa mwongozo wa namna hiyo kwa majengo makubwa, ukitaka robo ya fleti ziwe kubwa na sehemu ya kumi ziwe za vyumba vitatu. Nafurahi kuona mji ukikiri jambo hili kwa maandishi. Hata hivyo, ukiagiza idadi ya vyumba bila kuagiza ukubwa wake utapewa idadi. Vyumba vitatu vya mita saba saba vinatimiza agizo sawasawa na vyumba vitatu ambamo kitanda, meza na mtoto wa miaka 14 vinaenea. Kile chumba cha rafu zilizong'olewa kilizaliwa na mantiki hiyohiyo: tangazo linauliza vingapi, haliulizi vya namna gani.

Mshindani mwingine familia haimwoni hadi siku ya kwenda kuangalia nyumba. Ni vijana watatu au wanne wenye kazi, wanaotaka kupanga pamoja. Nyumba ya vyumba vitatu inawapa kila mmoja chumba, nao wanaleta mishahara mitatu. Familia inaleta mmoja, au mmoja na nusu ikiwa mama amerudi kazini kwa saa chache, na kutoka humo hutolewa karo, viatu, dawa na nauli. Mwenye nyumba anayetazama karatasi mbili mezani ataona upande mmoja kipato kikubwa na upande wa pili watoto. Wala siwezi kuwachukia vijana hao. Wamefika kwenye vyumba vitatu kwa sababu chumba kimoja cha peke yao kina kodi inayomeza nusu ya mshahara. Hapa nalazimika kuwapa haki yao wale wanaosema "jengeni tu, hata ndogo": kila kijana anayepata chumba chake kwa kodi ya kubebeka ni mtu mmoja aliyetoka kwenye foleni ya nyumba kubwa. Kosa lao ni kudhani kwamba mzunguko huo utakamilika wenyewe, na kwa muda ambao mtoto anaweza kuusubiri. Binti wa miaka 11 atakuwa na miaka 18 kabla soko halijajisawazisha.

Kisha kuna ubaguzi wenyewe, ambao hausemwi kwa jina lake. Kwenye ngazi za nyumba ya pili tuliyoiona alikuwapo baba mmoja aliyekuja peke yake, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na bahasha ya nyaraka mkononi. Alituambia kwa sauti ya chini kwamba ana watoto wanne na amewaacha nyumbani makusudi, kwa sababu mara mbili kabla ya hapo aliambiwa nyumba imeshapata mtu dakika chache baada ya mwenye nyumba kuwaona. Alimtazama binti yetu na wavulana wetu kwa huruma, kama mtu anayeona wenzake wakifanya kosa alilokwisha kujifunza. Hofu za wenye nyumba zinajulikana: kuta zitachorwa, bomba litavunjwa, jirani wa chini atalalamika, na kodi ikikwama itakuwa vigumu kuiondoa familia yenye mtoto mchanga. Nyingine zina msingi, na amana imewekwa kwa ajili yake. Lakini kukataliwa kwa sababu ya kuwa na watoto ni kuadhibiwa kwa jambo ambalo jamii nzima inalihitaji liendelee.

Marekani ilipitisha sheria ya makazi ya haki mwaka 1968, ikakataza ubaguzi wa rangi, dini na asili ya taifa, lakini ilichukua miaka 20 zaidi, hadi 1988, kwa familia zenye watoto kuongezwa kati ya wanaolindwa. Na hata baada ya hapo ubaguzi ulipata mlango mwingine, yaani kikomo cha idadi ya watu. Mwaka 1991 wizara husika ilitoa mwongozo kwamba watu wawili kwa chumba cha kulala ni kikomo kinachoweza kukubalika kwa kawaida, ikitegemea mazingira. Kanuni ya kuzuia msongamano inaweza hivyo kugeuka kuwa sababu halali ya kuikataa familia ya watu watano kwenye vyumba viwili, hali familia hiyo haina uwezo wa kupata vitatu. Kadhalika sharti la kipato. Kigezo kwamba kodi isizidi asilimia 30 ya kipato kimetokana na sera ya nyumba za umma ya Marekani, ambako kikomo kilikuwa asilimia 25 mwaka 1969 kikapandishwa hadi 30 mwaka 1981, na leo wenye nyumba wengi hukitumia kama kipimo cha nani ana uwezo. Asilimia 70 zinazobaki kwa mtu mmoja na asilimia 70 zinazobaki kwa watu sita zimeandikwa kwa tarakimu zilezile, basi kwa nini kipimo hicho kiitwe cha uwezo?

Inafaa pia kujua tunaposema nyumba imejaa tunamaanisha nini, maana vipimo vinatofautiana sana. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi huhesabu msongamano pale watu wanapozidi watatu kwa chumba kimoja cha kuishi. Kiwango cha Kanada ni cha juu zaidi: watu wasizidi wawili kwa chumba cha kulala, wazazi wawe na chumba chao, mtu mzima mwingine awe na chake, na mvulana na msichana waliofikia miaka 5 wasilale pamoja. Kwa kiwango cha kwanza mdogo wangu hana tatizo. Kwa cha pili anahitaji vyumba vinne. Katika nyumba anayotafuta kuihama kuna vyumba viwili: yeye, mumewe na mtoto mdogo kimoja, mama mkwe na binti kimoja, na mvulana wa miaka 8 hulala sebuleni. Godoro lake husimamishwa mchana nyuma ya mlango. Usiku haliwezi kutandikwa hadi watu wazima wamalize mazungumzo na meza isogezwe ukutani, kwa hiyo muda wake wa kulala hupangwa na mgeni wa mwisho kuondoka. Mwalimu wake amekwisha kuandika mara mbili kwamba husinzia darasani saa za asubuhi. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linataja makazi katika kifungu cha 25, na mwaka 1991 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni ilieleza kwamba makazi ya kutosha ni zaidi ya paa na kuta: yawe na nafasi ya kutosha, gharama ya kubebeka, na usalama wa kutofukuzwa ovyo. Nikisoma maneno hayo namwona mvulana ameketi kwenye kiti akisubiri godoro lake.

Mjadala ukifika hapa hugeukia udhibiti wa kodi, yaani serikali kuiwekea kikomo kodi ya nyumba, na kila upande hujitokeza na mfano wake. Berlin iligandisha kodi mwaka 2020 kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 2014. Waliokuwa ndani walipata nafuu, matangazo ya nyumba za kupanga yakapungua sana, na mwezi Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikaifuta sheria hiyo kwa hoja kwamba mji haukuwa na mamlaka ya kuitunga. San Francisco iliupanua udhibiti wake mwaka 1994, na wachumi wa Chuo Kikuu cha Stanford waliochunguza matokeo yake walikuta kwamba wapangaji walionufaika walibaki majumbani mwao zaidi, na pia kwamba wenye nyumba walioguswa walipunguza nyumba za kupangisha kwa asilimia 15. Stockholm, ambako kodi hupangwa kwa majadiliano, hugawa nyumba kwa foleni, na katika maeneo yanayotakiwa zaidi foleni hiyo hupita miaka 10.

Kwa familia, mimi nayasoma matokeo haya hivi. Mkataba usioweza kuvunjwa bila sababu, na kodi isiyoweza kupandishwa kwa ghafla, vina thamani kubwa kuliko kodi ya chini ya mwezi wa kwanza, kwa sababu mtoto anayehamishwa shule katikati ya mwaka hulipa gharama ambayo haimo kwenye risiti yoyote. Lakini ulinzi huo ukiwekwa peke yake unawafaa waliokwisha kuingia, nao unafanya nyumba 10 za kila mwezi katika mfano wangu kuwa 7. Lazima uambatane na vyumba vipya. Vienna, mji mkuu wa Austria, ndiyo hutajwa mara nyingi kuwa mfano wa hilo, na kwa haki, kwa kuwa mji wenyewe unamiliki nyumba zipatazo 220,000 na umeendelea kujenga na kusaidia ujenzi kwa takriban karne moja. Isisahaulike, hata hivyo, kwamba nyingi kati ya zile za awali, za mwanzoni mwa miaka ya 1920, zilikuwa za mita za mraba 38 au 48. Mji ule nao ulianza kwa kuhesabu milango, kwa sababu watu walikuwa wamelala barabarani na kwenye mabanda. Uliendelea, ndiyo tofauti, na leo mwombaji wa nyumba ya mji hupewa idadi ya vyumba kulingana na idadi ya watu anaoishi nao.

Hayo yote hayamsaidii anayetafuta mwezi huu, na ninaona ni utovu wa adabu kumaliza sera bila kumsemesha yeye. Tulichojifunza ni kidogo. Uliza mita za mraba kwa simu kabla ya kulipa nauli, na uliza kama kila chumba kina dirisha linalofunguka nje. Anayesitasita kujibu amekwisha kujibu. Usitoe amana wala ada ya kushikilia nyumba kabla hujaingia ndani na kuona hati ya anayedai kuwa mwenyewe, kwa sababu matapeli wanajua vizuri nani amekata tamaa. Nyumba ya vyumba viwili yenye sebule kubwa ya madirisha mawili, inayoweza kugawanywa kwa kabati, mara nyingine ni kubwa kuliko ya vyumba vitatu. Katika mkataba, soma kwanza kifungu cha kupandisha kodi na kifungu cha notisi, kisha ndipo usome kiasi cha kodi. Na zaidi ya yote waambie watu. Waambie walimu, majirani, waumini wenzako, fundi bomba, kwa kuwa nusu ile isiyofika kwenye matangazo inapita kwao.

Ndivyo alivyopata mdogo wangu hatimaye. Fundi aliyekuwa akirekebisha bomba la bibi mmoja alisikia kwamba anajiandaa kuhama, akamwomba asimwambie mtu hadi ampigie simu mdogo wangu. Nyumba ina vyumba vitatu vya kweli, na mvulana atalala na mdogo wake katika chumba chenye dirisha, ingawa binti bado atakuwa na bibi yake. Siku ya kukabidhiana funguo yule bibi alituambia kwamba ameishi humo miaka 19, na saba za mwisho peke yake, milango miwili ikiwa imefungwa ili asipate kazi ya kufagia. Shemeji alimuuliza kwa heshima kwa nini hakuhama mapema. Akatoa mkataba wake mpya kwenye mkoba, akatuonyesha kwa kidole. Kodi ya chumba kimoja anachokwenda ni kubwa kuliko aliyokuwa akilipa kwa vitatu, na anahama tu kwa sababu daktari amemkataza ngazi.